Kidonge cha titi na damu ya kizazi



Katika kikundi chetu cha akiba cha kila Jumamosi tuko wanne tunaokunywa kidonge kilekile. Mmoja wetu anauza vitunguu sokoni Virunga. Mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi na amebakiza miaka michache apumzike. Wa tatu alikimbia kutoka Masisi, akakaa kwenye hema pale Bulengo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupata chumba huku kwetu. Wa nne ndiye mdogo wetu: ana miaka 39, na mtoto wake wa mwisho bado yuko shule ya watoto wadogo. Hakuna munganga aliyetukutanisha. Tulikuwa tunahesabu pesa za mfuko, mmoja akatoa pakiti ya dawa kwenye mkoba ili ameze na maji, mwingine akasema, "Kumbe na wewe?" Tangu hapo tunatembea pamoja, na leo tunaandika kwa sauti moja.

Kidonge chenyewe kinaitwa tamoksifeni. Wote wanne tuliwahi kupata kansere ya titi, tukakatwa, na baada ya matibabu ya mwanzo tukaambiwa tumeze kidonge kimoja kila siku, miligramu 20, kwa miaka 5. Kwa baadhi ya wamama munganga huongeza ifike 10. Ni dawa ya zamani, haina bei kubwa, na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Tangu mtaa ulipojua, tunaulizwa swali moja, kisimani, kanisani, hata kwenye matanga: "Ni kweli hiyo dawa inaharibu kizazi?" Wengine hawaulizi, wanatuambia tu. Kuna dada alisikia hivyo, akatupa vidonge vyake kwenye choo. Swali lina ukweli ndani yake, na mtu akikataa kabisa anawadanganya. Lakini ukweli huo umeshikwa upande usiofaa, na unaweza kumuua mama aliyekuwa anapona. Ndiyo sababu tumeomba ukurasa huu.

Tuanze na namna dawa inavyofanya kazi, kama tulivyoelezwa na kama tulivyoelewa. Kansere nyingi za titi, si zote, zina kitu kama kufuli ndani yake. Homoni ya kike, estrojeni, ndiyo ufunguo. Ufunguo ukiingia ukazunguka, kansere inakula na kukua. Tamoksifeni ni ufunguo wa uongo: unaingia kwenye kufuli, hauzunguki, na ule wa kweli ukija unakuta nafasi imejaa. Ndiyo maana karatasi ya maabara ni ya maana sana. Imeandikwa kwa Kifaransa, lakini hata asiyesoma Kifaransa anaweza kutafuta herufi RE na alama ya kuongeza kando yake. RE+ maana yake kufuli lipo na dawa ina kazi ya kufanya. Kama halipo, kidonge hiki hakimsaidii mama huyo, na munganga atatafuta njia nyingine.

Sasa kizazi. Nacho kina kufuli la estrojeni, lakini huko ufunguo wa uongo unazunguka nusu. Ile ngozi ya ndani ya kizazi, ambayo kila mwezi inajengwa kisha inaanguka kuwa damu, inapata habari kwamba estrojeni ipo, hata kwa mama ambaye mwezi wake ulikatika miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo inaweza kunenepa. Inaweza kuotesha vinyama vidogo visivyo na ubaya, wanaviita polipi. Na kwa wachache kansere ya kizazi inaanzia hapo.

Wachache ni wangapi? Mwalimu wetu hapendi neno "wachache" lisilo na hesabu, kwa hiyo alitafuta. Mwaka 1998 ulitangazwa utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada juu ya wanawake zaidi ya 13,000, nusu wakimeza tamoksifeni na nusu kidonge kitupu. Katika kila wanawake 1,000 waliomeza dawa kwa mwaka mmoja, karibu 2 walipata kansere ya kizazi. Katika 1,000 wa kidonge kitupu, karibu 1. Ongezeko hilo lilikuwa kwa wenye zaidi ya miaka 50. Kwa walio chini ya hapo haikuonekana tofauti ya maana. Uzito mkubwa wa mwili na kisukari vinaongeza hatari hiyo, dawa iwepo au isiwepo.

Weka hiyo upande mmoja wa mizani. Upande wa pili weka hii: mama mwenye RE+ akimeza tamoksifeni miaka 5, hatari ya kufa kwa kansere ya titi inapungua kwa karibu theluthi moja, ukihesabu hadi miaka 15 toka mwanzo. Haya yalitoka mwaka 2011, baada ya kuunganisha tafiti nyingi zenye maelfu ya wanawake. Muuza vitunguu wetu, ambaye mizani ndiyo kazi yake, aliposikia namba zote mbili alisema tu, "Basi nimeze." Na yeye ndiye aliyekuwa ameogopeshwa kuliko sisi wote.

Kisa chake ni hiki. Ana miaka 58. Alikuwa amemeza dawa miaka miwili bila shida, ukiacha ile joto ya ghafla inayopanda usoni usiku na kumfanya afungue dirisha wakati wote wengine wanaona baridi. Damu hakuwahi kuona hata tone. Mahali fulani, hatutapataja, wakamwambia afanye ekografi ya kizazi "kwa kuangalia tu". Karatasi ikarudi na namba: milimita 11. Akaambiwa kwamba kwa mama wa umri wake namba hiyo ni mbaya, aache kidonge leo hii, na aanze kutafuta pesa za kuondoa kizazi. Alikuja kwenye kikundi siku hiyo akakaa chini bila kusalimu. Miezi miwili hakugusa dawa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Ile miezi miwili alikuwa anapima dengu na kukosea chenji.

Munganga wa wanawake wa hospitali nyingine ndiye aliyemfungulia akili. Alimwambia kwamba tamoksifeni inafanya nyama iliyo chini ya ngozi ya kizazi ivimbe kidogo na kuwa na vitundu vya maji. Mashine ya ekografi haiwezi kutenganisha vizuri ngozi yenyewe na nyama hiyo, inazipima pamoja, inasema nene. Ile mipaka ya milimita 4 au 5 inayotumiwa kwa mama aliyekatika mwezi haifanyi kazi vizuri kwa anayemeza dawa hii. Wengi wetu, tukipimwa leo, tutaonekana nene, na ndani hakuna kitu. Kisha unaanza msururu: ekografi ya pili, kipande kukatwa, kulazwa, deni kwenye kikundi, na mwisho unaambiwa hakuna ugonjwa.

Hii si maneno ya munganga mmoja. Chama cha waganga wa uzazi cha Marekani kimeandika tangu zamani kwamba mwanamke anayemeza tamoksifeni na hana dalili yoyote hahitaji ekografi wala kukatwa kipande cha kizazi kila wakati, kwa kuwa kufanya hivyo kunaleta hofu na operesheni nyingi kuliko faida. Anahitaji uchunguzi wa kawaida wa wanawake, na anahitaji kujua dalili. Kwa walio bado wanaona mwezi wamesema hata zaidi: wafuatwe kama wanawake wengine wote. Tunajua waganga wengine bado wanapenda kupima kila mwaka, na pengine wana sababu kwa mgonjwa fulani, kwa mfano aliyekuwa na polipi kabla ya kuanza dawa. Ukitumwa, nenda, lakini uliza kwa heshima: "Munganga, kama namba itakuwa kubwa na mimi sina damu, tutafanya nini?" Jibu lake litakuonyesha kama pesa hiyo inatoka kwa sababu.

Sisi wa Goma tunaelewa jambo hili kuliko watu wa miji mingine. Usiku Nyiragongo ikiwa nyekundu juu, hakuna anayefunga godoro. Tumezaliwa tunaona uwekundu huo. Tunachosikiliza ni tetemeko linalofuatana, ardhi inayopasuka, na neno la wale wanaopima mlima. (Mei 2021 mlima haukutupa muda, tunajua, na wenye nyumba za Buhene hawahitaji kukumbushwa. Lakini hata baada ya hapo hatujaanza kukimbia kila usiku mwekundu.) Unene kwenye ekografi bila damu ni uwekundu juu ya mlima.

Damu ni jambo lingine kabisa.

Mama ambaye mwezi wake umekatika, yaani amemaliza miezi 12 bila kuona, akiona damu yoyote anapomeza dawa hii, ni lazima achunguzwe. Tumesema yoyote. Tone moja kwenye kitambaa. Alama ya kahawia. Maji ya rangi ya waridi yanayochafua nguo ya ndani. Damu iliyokuja siku moja ikaondoka yenyewe, hiyo hasa, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Kwa anayeona mwezi bado, dalili ni damu kati ya mwezi na mwezi, damu baada ya kukutana na mume, au mwezi uliobadilika ukawa mzito au mrefu kuliko ulivyozoea. Maumivu au uzito chini ya kitovu usioondoka nao useme. Na usisubiri tarehe ya miadi iliyoandikwa kwenye karatasi, kama ni ya baada ya miezi mitatu. Nenda wiki hiyo.

Kwa nini damu tunaikimbilia hivyo? Kwa sababu kansere ya ngozi ya kizazi ina tabia moja ambayo kansere nyingi hazina: inajitangaza mapema. Kabla haijatoka nje ya kizazi, mara nyingi imeshatoa damu. Ikikamatwa hapo, kwa wamama wengi kuondoa kizazi kunatosha, na wanaishi. Ikinyamaziwa, inatoka.

Dada yetu wa Masisi ndiye aliyepatwa. Ana miaka 61. Anatuambia kwamba kama ingetokea wakati wa hema, asingejua hata kidogo. Kule mtu unalala na nguo moja nyeusi, unaoga gizani, unafua pamoja na wengine kwenye bomba moja huku macho yote yanaangalia kila kinachotoka kwenye beseni. Mwanamke wa kwenye hema hana mahali pa kuangalia mwili wake. Hapa Ndosho ana chumba, ana pazia, na mwalimu alimpa vitambaa vyeupe vya zamani vya kuvaa ndani. Kwenye kitambaa cheupe aliona alama, ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Siku ya pili tena. Alienda kwanza kwenye mahali padogo pa matibabu, wakacheka kwa upole, wakamwambia, "Mama, ni ujana unarudi," wakampa vidonge vya kufunga damu. Jumamosi akatuambia, mbele ya kila mtu, kabla ya kuhesabu pesa. Tulimpenda sana kwa ujasiri huo.

Ujana haurudi, wamama. Mwezi ukishakatika umekatika. Kinachorudi na rangi ya damu kina sababu, na sababu inatafutwa.

Kwenda kuitafuta si rahisi, nasi hatutaki kujifanya kwamba ni rahisi. Hospitali ya CBCA Ndosho iko hapa kwetu, na Goma yote inaijua kwa majeruhi wa vita. Mwishoni mwa Januari 2025 waliwajaza mpaka kwenye korido na mahema ya nje. Mama mwenye tone la damu anapita pale, anaona kijana anashushwa bila mguu, anasema moyoni, mimi na alama yangu ya ukucha nitamwambia nani? Anarudi nyumbani. Tunaijua aibu hiyo kwa sababu kila mmoja wetu ameibeba. Dada yetu hakwenda peke yake, wawili walitembea naye, mmoja akiwa na kazi moja tu, ya kusema kwa sauti kwenye meza ya kwanza: "Huyu mama anameza tamoksifeni na ametoka damu." Sema maneno hayo mawili pamoja, tamoksifeni na damu. Ukisema damu peke yake watafikiri jambo lingine, ukisema kansere ya titi peke yake watakuangalia titi.

Kinachofuata ni hiki, ili usiogope ukifika. Munganga ataangalia kwanza mlango wa kizazi kwa kifaa, kwa kuwa huku kwetu kansere ya mlango wa kizazi ni ya kawaida kuliko ile ya ndani, na damu inaweza kutoka huko bila tamoksifeni kuhusika kabisa. Msikubali kuondoka bila kuangaliwa hapo. Halafu ekografi. Ile ya juu ya tumbo inataka kibofu kimejaa, unywe maji mengi. Ile ya ndani, ambayo chombo chembamba kilichovikwa kondomu kinaingizwa chini, inataka kibofu kitupu, na inaona vizuri zaidi. Mara hii ekografi ina kazi, kwa sababu kuna damu. Lakini kwa anayemeza dawa yetu, damu ikitoka, ekografi nzuri peke yake haitoshi kusema "nenda nyumbani". Kinahitajika kipande cha ngozi yenyewe. Wanaita biopsi. Bomba jembamba kama mrija linapita kwenye mlango wa kizazi, linavuta nyama kidogo, dakika chache. Inauma kama tumbo la mwezi lililo kali, kisha inapoa. Dada yetu alisema mimba zake nane zilimfundisha maumivu makubwa zaidi. Mahali penye vifaa wanaweza pia kuingiza kamera ndogo ili waone kama kuna polipi na kuitoa hapo hapo.

Kipande kinaenda maabara, na kusubiri ndiko kugumu. Wakati huo usiache tamoksifeni kwa kichwa chako na usiendelee nayo kwa kichwa chako. Muulize aliyekata kipande, na jibu liandikwe.

Mdogo wetu wa miaka 39 alituomba tusiandike juu ya wazee tu. Kwake hofu ya kizazi ni ya upande mwingine. Mwezi wake ulivurugika tangu aanze dawa, ukaruka miezi mitatu, na mama mkwe wake akatangaza kwamba hawezi tena kushika mimba. Anaweza. Kuna hadithi juu ya hili ambayo tunaipenda. Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na mwanamke, mkemia aitwaye Dora Richardson, na kampuni yake ilikuwa inatafuta dawa ya kuzuia mimba. Ilishindwa kabisa: kwa wanawake ilisukuma mayai yatoke. Baadaye ndipo hospitali ya Manchester ilipoijaribu kwa kansere ya titi, na majibu yakatangazwa mwaka 1971. Kwa hiyo mama kijana anayemeza dawa hii na hazuii mimba anaweza kuipata, na dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuzuia kwenyewe kuwe kwa njia isiyo na homoni: kondomu, au kitanzi cha shaba. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi si vya mwanamke aliyepata kansere ya titi, hata kama jirani anavisifu. Akitaka mtoto, hilo ni mazungumzo na munganga, dawa inasimamishwa miezi kadhaa kabla, na si kwa siri.

Kuna swali la mama aliyekatika mwezi: kwa nini nisipewe dawa isiyogusa kizazi? Zipo, anastrozoli na letrozoli, nazo hazinenepeshi ngozi ya kizazi. Lakini zinadhoofisha mifupa na kuumiza viungo. Mwalimu wetu alizitumia miezi mitano, akashindwa kuinua mkono kuandika ubaoni, akarudishwa kwenye tamoksifeni. Mwingine anaweza kuzivumilia vizuri. Ni munganga na mgonjwa wanaochagua, tena kwa kuangalia ni dawa ipi itapatikana mwezi ujao.

Maana kupatikana nako ni ugonjwa. Benki zilipofungwa na ndege zikaacha kutua mwanzoni mwa 2025, vidonge vilikauka kwenye farmasi za mtaa. Tulileta pakiti zetu zote mezani tukazihesabu kama pesa za mfuko. Munganga mmoja alitutuliza kwa simu: dawa hii haitoki mwilini kwa siku moja, inakaa wiki kadhaa ikipungua polepole, kwa hiyo ukikosa siku chache hujapoteza yote. Ukiipata, endelea kimoja kwa siku, usimeze viwili kulipiza. Na usiunganishe na dawa za miti za "kusafisha kizazi" ambazo zinatembezwa hapa kwenye ndoo; damu zinaweza kuificha, sababu yake haziondoi.

Sasa kila mmoja wetu ana kaye ndogo. Ukurasa mmoja ni mwezi mmoja. Kidonge kikimezwa, alama ya bluu. Damu au alama yoyote, nyekundu, na maneno mawili: nyingi, kidogo, kahawia. Nyuma ya kaye tumebandika nakala ya karatasi ya maabara yenye RE+, tarehe ya kuanza dawa, na tarehe ya mwezi wa mwisho. Vyote viko kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Kwa nini karibu na mlango, hatuhitaji kuwaeleza watu wa Ndosho.

Waume wamekuwa sehemu ngumu. Mmoja aliuliza kama mke wake akiondolewa kizazi atabaki mwanamke. Mwalimu alimjibu kwamba ameshapoteza titi na ugali bado unaiva, jibu ambalo sisi wengine tuliona ni kali kidogo. Tunapendelea kumwalika baba wa nyumba aje asikie mwenyewe kwa munganga, akae kwenye benchi, ashike kaye. Wawili wamekuja. Mmoja sasa ndiye anayekumbusha kidonge kila asubuhi kabla ya chai, na akichelewa kukumbusha anaomba msamaha.

Dada yetu wa Masisi bado hajapata jibu la kipande chake. Aliambiwa arudi Jumanne. Alitaka tuandike haya kabla ya kujua, kwa sababu, alisema, jibu likiwa zuri watu watasema alienda bure, na likiwa baya watasema ni dawa imemuua. Jumanne tunatoka saa kumi na mbili na nusu, kabla barabara ya Sake haijajaa pikipiki. Mfuko wa vitunguu utabaki kwa jirani. Amewatafutia wajukuu mandazi ya asubuhi, amefua kile kitambaa cheupe, na kaye yake iko tayari kwenye msumari.